Miezi minane ya Cholmondeley: watu walihesabu maiti wawili, mahakama ikahesabu mmoja

Ukipanda matatu Nairobi kwenda Nakuru, ukishaipita Gilgil, Ziwa Elmenteita hujitokeza upande wa kushoto, jeupe ukingoni kwa magadi, na ng'ambo yake kuna kilima chenye majina mawili. Wengi humwona pale morani aliyelala chali, uso ukitazama mbingu. Walowezi wa Kizungu waliona kitu kingine, wakakiita Pua ya Lord Delamere. Kilima ni kilekile. Jina unalolitumia linategemea babu yako alikuwa upande gani wa seng'enge.

Nyuma ya seng'enge hiyo ni Soysambu, ranchi ya ekari zipatazo 48,000, iliyo mikononi mwa ukoo wa Delamere tangu mwanzo wa karne ya 20. Hata asiyewahi kuikanyaga anaujua ukoo huo kwa ulimi, maana mabasi ya Bonde la Ufa husimama Naivasha ili abiria wanunue yogati yenye jina la Delamere. Wazee wa Nairobi nao watakwambia kwamba Kenyatta Avenue zamani iliitwa Delamere Avenue, na kwamba sanamu ya bwana huyo ilisimama pale hadi Uhuru ulipokuja, ikang'olewa na kuhamishiwa Soysambu.

Mrithi wa yote hayo alikuwa Thomas Cholmondeley, kitukuu wa yule Delamere wa kwanza kuhamia Kenya. (Jina hilo huandikwa hivyo na kutamkwa "Chamli". Wasomaji wa habari redioni walipata tabu nalo miaka kadhaa.) Tarehe 14 Mei 2009, Jaji Muga Apondi wa Mahakama Kuu ya Nairobi alimpa kifungo cha miezi minane kwa kumuua bila kukusudia Robert Njoya, fundi wa mawe aliyekuwa na umri wa miaka 37. Nchi ikapandwa na mori. Miezi minane! Yakasemwa yale ambayo Wakenya husema kila mara mahakama inapowaudhi: mwizi wa kuku anaozea jela, mwenye ranchi anakwenda kupumzika.

Miaka imepita, mshtakiwa mwenyewe amekwisha kufariki, lakini kesi hii bado hufufuliwa kila Mzungu anapofikishwa kizimbani Kenya, na mara nyingi husimuliwa vibaya. Husimuliwa kama kisa cha jaji Mwafrika aliyemwogopa Mzungu, basi. Ukiyafungua mafundo yake unaona kitu kingine. Sehemu kubwa ya hasira ile haikuwa ya kesi ya Njoya. Ilikuwa ya kesi iliyoitangulia, ambayo hakuna jaji aliyewahi kuisikiliza ushahidi wake.

Aprili 2005

Tarehe 19 Aprili 2005, askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, waliingia Soysambu wakiwa wamevaa kiraia. Walikuwa wakifuatilia tuhuma za uchinjaji na uuzaji wa nyamapori. Cholmondeley akapashwa habari kwamba kuna wageni wenye silaha ranchini, akaenda akiwa na bastola. Risasi zikalia. Aliyeanguka na kufa ni Samson ole Sisina, askari wa KWS, Mmaasai, aliyekuwa kazini kwa amri ya serikali. Cholmondeley alijitetea kwamba alidhani ni majambazi na kwamba alifyatua ili kujiokoa.

Akashtakiwa kwa mauaji. Kabla mwezi haujatimia tangu kifo kile, tarehe 18 Mei, Mkuu wa Sheria Amos Wako aliiondoa kesi mahakamani kwa hati inayoitwa kwa Kilatini nolle prosequi, maana yake serikali haitaki kuendelea na mashtaka. Chini ya katiba ya wakati ule, Mkuu wa Sheria alikuwa na mamlaka ya kuanzisha kesi ya jinai, kuichukua kutoka kwa mtu mwingine, au kuizima wakati wowote kabla ya hukumu. Hakuhitaji ruhusa ya jaji. Hati ikishaletwa, kazi ya mahakama ilibaki moja tu, kumfungulia mshtakiwa mlango.

Wakenya waliijua hati hiyo vizuri. Walikuwa wameshaiona ikizima kesi za wakubwa kwa miaka mingi, hivyo hawakuhitaji mtu wa kuwafasiria Kilatini. Wamaasai wakaandamana, wengine wakatishia kuivamia ranchi. Siku chache baadaye mkurugenzi wa mashtaka ya umma, Philip Murgor, akafutwa kazi, na waliokuwa wakinusa moshi wakasema sasa wameuona moto.

Kwa nini kifo kimoja kiwashe watu namna ile? Jibu lake liko kwenye ardhi, na hapa inabidi turudi nyuma miaka mia moja. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwatia Wamaasai mkataba wa kuwahamisha kutoka Bonde la Ufa, kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru, ili kuwapisha walowezi. Waliahidiwa kwamba makazi mapya, Laikipia yakiwemo, yangekuwa yao maadamu kabila la Wamaasai lingekuwepo duniani. Ahadi hiyo ya milele ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 ulikuja mkataba mwingine, wakaswagwa kutoka Laikipia kwenda kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi ambayo wanasheria bado huiita kesi ya Ole Njogo, waliambiwa kwamba mikataba ile ilikuwa ya dola na dola, kwa hiyo mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuigusa. Siku ya kudai ardhi wakawa taifa la kigeni. Siku ya kuhamishwa walikuwa raia wa kupewa amri.

Mwaka 2004 mkataba wa kwanza ulitimiza miaka mia, na Wamaasai wakaandamana Laikipia wakidai ardhi yao irudi. Polisi wakatumia nguvu. Mwaka uliofuata, mtoto wa kabila hilohilo akauawa ndani ya Soysambu, tena si kwa kuingiza ng'ombe kwenye malisho ya mtu, bali akiitumikia serikali. Halafu serikali hiyohiyo ikaamua kwamba haina haja ya kujua zaidi.

Haki inataka upande wa pili nao usikike. Naivasha ya miaka ile ilikuwa na ujambazi wa kutumia bunduki, na wenye mashamba waliishi kwa hofu isiyokuwa ya kubuni. Januari 2006 mhifadhi wa mazingira Joan Root alipigwa risasi nyumbani kwake kando ya ziwa, akafa. Washtakiwa wa mauaji hayo waliachiliwa mwaka uliofuata kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba alisikia "kuna watu wenye silaha" akashika bastola, si lazima anadanganya. Lakini swali la kama anadanganya ndilo hasa mahakama zimewekwa ziliamue, na mwaka 2005 zilinyimwa nafasi hiyo.

Siku 386 baadaye

Tarehe 10 Mei 2006, Cholmondeley alikuwa akitembea ndani ya ranchi na rafiki yake, dereva wa mbio za magari. Wakakutana na wanaume waliokuwa na mbwa, na swala aliyewindwa. Kwa maelezo aliyoyatoa mwanzo, alilenga mbwa kwa bunduki, wengine wakakimbilia vichakani, kisha akamkuta mtu amejeruhiwa. Mtu huyo alikuwa Robert Njoya, mwanakijiji wa jirani, aliyekuwa na mke na watoto. Cholmondeley alimfunga jeraha na kuagiza apelekwe hospitali. Njoya hakupona.

Mtu mmoja, ranchi moja, maiti wa pili, na hata miezi kumi na mitatu haijapita. Siku ile kesi ya Njoya ilibeba mizigo miwili, wake na wa Sisina, na ndiyo maana ilielemewa.

Safari hii hapakuwa na hati ya Kilatini. Cholmondeley alipelekwa rumande katika gereza la Kamiti, akakaa huko miaka mitatu kasoro siku chache. Hili watu wengi hawalikumbuki, au hawapendi kukumbushwa. Wakati ule mshtakiwa wa mauaji Kenya hakupewa dhamana, awe tajiri au maskini. Kesi ilianza kusikilizwa Septemba 2006 na ikajikokota. Katikati yake ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na umwagaji damu uliofuata, ambao Nakuru na Naivasha ziliuonja kwa uchungu. Nchi ilikuwa na misiba mingine ya kuzika, lakini jalada lilibaki mezani.

Mahakamani utetezi uligeuka. Mawakili, wakiongozwa na Fred Ojiambo, walidai kwamba huenda risasi iliyomuua Njoya ilitoka kwa yule rafiki. Jaji alilikataa dai hilo, akasema aliyefyatua ni mshtakiwa. Mimi huona kwamba utetezi ule ulimharibia Cholmondeley jina kuliko bunduki yenyewe. Aliyemfunga majeruhi jeraha kwa mkono wake, halafu akamnyooshea rafiki yake kidole, si rahisi kumhurumia.

Kuna jambo jingine ambalo wasimuliaji wengi huliruka. Kesi hiyo ilisikilizwa mbele ya wazee wa baraza, yaani raia wa kawaida wanaokaa na jaji na kumpa maoni yao, ingawa maoni hayo hayamfungi. Mfumo huo ni mabaki ya ukoloni. Zamani Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa Kenya alikuwa na haki ya kuhukumiwa na baraza la Wazungu wenzake, ambao kauli yao ndiyo iliyokuwa hukumu. Mwafrika hakupewa baraza kama hilo. Alipewa jaji Mzungu na wazee wa kumshauri jaji. Baada ya Uhuru lile baraza la Wazungu likafa, wazee wa baraza wakabaki mpaka sheria ilipowaondoa mwaka 2007, isipokuwa kwenye kesi zilizokwisha kuanza. Ya Cholmondeley ilikuwa mojawapo. Mwezi Machi 2009, wazee wawili walitoa kauli yao: hana hatia.

Ukitafakari hapo, kisa cha mahakama ya Wazungu kinaanza kuyumba. Wakenya wawili wa kawaida walisema aachiliwe. Aliyeongoza mashtaka alikuwa Keriako Tobiko, Mmaasai kama Sisina. Jaji, ambaye angeweza kufuata ushauri wa wazee wake na kujipumzisha, aliukataa, na tarehe 7 Mei akamtia mshtakiwa hatiani. Ajabu ni kwamba jaji huyo ndiye aliyebeba lawama zote, na wale wazee hakuna anayewakumbuka.

Kuua na kukusudia

Sasa sheria yenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inatenganisha makosa mawili. Mauaji, kifungu cha 203, ni kusababisha kifo kwa tendo haramu huku mtu akiwa na nia ovu iliyotangulia. Adhabu yake wakati ule ilikuwa kifo, na jaji hakuwa na uhuru wa kuipunguza. Kuua bila kukusudia, kifungu cha 202, ni kusababisha kifo kwa tendo haramu bila nia hiyo. Adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha maisha, na hakuna kiwango cha chini kilichowekwa.

Nia ovu, kama sheria inavyoieleza katika kifungu cha 206, ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Ni kutaka mtu afe, ndiyo. Ni kutaka aumie vibaya pia. Na ni kujua kwamba tendo lako huenda likaua au kuumiza vibaya mtu, ukalifanya hivyohivyo kwa kutojali. Hapo ndipo upande wa mashtaka ulipokuwa na nafasi yake bora. Anayefyatua bunduki kuelekea vichaka ambavyo watu wamekimbilia, hasemi sana akisema alikuwa akilenga mbwa. Jaji aliyapima hayo, akapima pia kitendo cha mshtakiwa kumhudumia majeruhi na kutafuta gari la kumkimbiza hospitali, akaamua kwamba nia ovu haikuthibitishwa. Kwa hiyo hatia ikashuka kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia.

Uamuzi huo unaweza kupingwa, lakini hauwezi kuitwa kichekesho. Mtuhumiwa yeyote, hata mlinzi wa usiku aliyempiga rungu mwizi akafa, hupimwa kwa mizani hiyohiyo: kama kuna shaka ya maana juu ya nia yake, hatia inashuka. Majaji wa Kenya hushusha makosa ya mauaji namna hii mara kwa mara katika kesi za watu wasio na majina makubwa, na hakuna anayeandamana.

Adhabu ndiyo iliyochoma. Hatia na adhabu ni vitu viwili, na hasira ya mwaka 2009 ilivifunga fundo moja. Kwenye hatia jaji alibanwa na ushahidi. Kwenye adhabu alikuwa huru, kuanzia kumwachilia siku ileile hadi kumfunga maisha. Akachagua miezi minane. Sababu alizozitoa zilikuwa kwamba mshtakiwa amekwisha kukaa ndani miaka mitatu, kwamba mchakato wenyewe ulikuwa adhabu, na kwamba apewe adhabu nyepesi ili aitafakari njia ya maisha yake na kuibadilisha.

Hesabu ya haki basi ni miaka mitatu na miezi minane, wala si miezi minane mitupu. Sheria ya Kenya inamtaka jaji azingatie muda ambao mshtakiwa amekaa rumande. Aliyesema "miezi minane tu" barazani au kwenye kiti cha kinyozi aliacha nusu ya hesabu nje. Hata hivyo, naomba nisieleweke vibaya. Hata ukiijumlisha yote, miaka mitatu na ushei kwa uhai wa mtu, kutoka kwa mwenye bunduki ambaye alikuwa ameshajua risasi inafanya nini kwa binadamu, ni nyepesi. Ile sababu ya tafakuri nayo ilikuwa kama chumvi kwenye kidonda. Tangu lini mahakama zetu zikamtuma fundi wa mawe akatafakari?

Hapo ndipo umma na mahakama walipoachana njia. Niliposema "ameshajua risasi inafanya nini", nimefanya jambo ambalo jaji hakuruhusiwa kulifanya. Sheria ya ushahidi, kwa kawaida, inamzuia kumhukumu mtu kwa kosa hili kwa sababu ya tuhuma za lile. Kifo cha Sisina hakikuthibitishwa na mahakama yoyote kuwa ni kosa. Machoni pa sheria, mwaka 2009 Cholmondeley alisimama kizimbani kama mtu asiye na rekodi ya uhalifu. Machoni pa mwananchi alisimama na damu ya watu wawili. Wote wawili, jaji na mwananchi, walikuwa sawa kwa kadiri ya vitabu vyao. Aliyesababisha vitabu hivyo visilingane alikuwa amekaa ofisi nyingine, na hati yake alikwisha kuitia saini miaka minne nyuma.

Kumbukumbu ya watu na kumbukumbu ya majalada

Wapo waliosema wakati ule, hasa kwenye magazeti ya Uingereza yaliyopenda kuandika habari za mabwana wa mwisho wa Bonde la Ufa na anasa za babu zao, kwamba Wakenya wanaingiza rangi mahali ambapo pana ajali tu. Anayesema hivyo hajui kwamba rangi haikuingizwa kwenye mahakama za Kenya mwaka 2006. Ilikuwa imejengewa humo.

Mwaka 1923, Molo, si mbali na Elmenteita, kijana aliyeitwa Kitosh alitumwa na mlowezi Jasper Abraham. Alirudi akiwa amempanda farasi jike aliyeambiwa amwongoze kwa miguu. Kwa kosa hilo alichapwa, akafungwa kamba stoo, na usiku akafa. Baraza la Wazungu lililoketi Nakuru lilielezwa na madaktari kwamba marehemu alikuwa ametamani kufa, na kwamba utashi huo ulichangia kifo chake. Likaamua kwamba Abraham alisababisha madhara makubwa tu. Akapewa miaka miwili. Hata London walishtuka. Waswahili wangesema kesi ya nyani kapewa ngedere, lakini hapa ngedere alikwenda mbali zaidi. Alimtia hatiani marehemu.

Mwaka 1959 jijini Nairobi, Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge, mtumishi wa nyumbani, kwa sababu Musunge aliwarushia mawe mbwa wa Poole waliokuwa wakimshambulia. Mbwa tena. Safari hiyo baraza la Wazungu lilimtia Mzungu mwenzao hatiani kwa mauaji. Walowezi walikusanya maelfu ya saini kumwomba gavana amsamehe. Gavana Patrick Renison alikataa, na tarehe 18 Agosti 1960 Poole akawa Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Mkutano wa Lancaster House, wa kujadili katiba ya Kenya huko London, ulikuwa umefanyika mapema mwaka uleule na kila mtu aliona Uhuru unabisha hodi. Sidhani kama kamba ile ingekaza mwaka 1923.

Halafu Uhuru wenyewe nao ukaaibika. Mwaka 1980 Mombasa, baharia wa jeshi la Marekani alimuua Monica Njeri. Alikiri kuua bila kukusudia. Jaji, Mzungu, alimwachia kwa kutia saini dhamana ya shilingi 500 kwamba atakuwa na mwenendo mwema kwa miaka miwili, na kijana akaenda zake kwao. Bunge lilichafuka, magazeti yakafoka. Shilingi 500! Waliokuwa vijana mwaka huo ndio waliokuwa wazazi mwaka 2009, na waliposikia miezi minane hawakuhitaji kukumbushwa.

Ndiyo maana naona si haki kuwaambia watu "someni hukumu kwanza". Jalada la mahakama huanza siku ya kosa na kuishia siku ya hukumu. Mwananchi anayeishi kando ya seng'enge ana jalada lake, refu zaidi, na ndani yake Kitosh, Musunge, Njeri, Sisina na Njoya wamepangwa kwa mstari. Jaji akifungua ukurasa mmoja, mwenzake amekwisha kusoma kitabu.

Lakini jalada hilo la mwananchi nalo lina doa. Linamwona Mzungu na halimwoni mwenye mali. Kwa miaka mingi Wakenya weusi wenye vyeo wameua, wameiba ardhi na kulipisha watu uhai wao bila hata kufikishwa kizimbani, achilia mbali kulala Kamiti miaka mitatu. Hati ileile iliyomwokoa Cholmondeley mwaka 2005 ilikwisha kuwaokoa wengi wasiokuwa na tone la damu ya Kizungu. Rangi ilimpa ranchi. Kilichomtoa katika kesi ya kwanza kilikuwa mlango ambao wakubwa wa kila rangi walikuwa na ufunguo wake. Ndiyo sababu nadhani hasira ya mwaka 2009 ililenga shabaha ya karibu, jaji aliyeonekana, ikaiacha ile ya mbali.

Ikaja kulengwa baadaye, tena kwa kura. Katiba iliyopitishwa Agosti 2010 ilimnyang'anya Mkuu wa Sheria mamlaka ya mashtaka ya jinai, ikampa mkurugenzi anayejitegemea. Ibara ya 157 inasema mkurugenzi huyo hawezi kuondoa kesi mahakamani bila ruhusa ya mahakama. Ni kifungu kifupi, unaweza kukisoma ukiwa umesimama. Kama kingekuwepo Mei 2005, jaji angeuliza kwa nini, na mtu angelazimika kujibu hadharani. Wa kwanza kushika cheo hicho chini ya katiba mpya, mwaka 2011, alikuwa Keriako Tobiko. Katiba hiyohiyo pia ilifungua mlango wa dhamana kwa washtakiwa wa mauaji, kwa hiyo Cholmondeley wa leo huenda asingekaa rumande miaka mitatu, na jaji asingekuwa na muda huo wa kumpunguzia.

Cholmondeley alitoka gerezani Oktoba 2009, akiwa amesamehewa sehemu ya kifungo kwa mwenendo mwema. Alirudi Soysambu, ambayo sasa ni hifadhi ya wanyama inayopokea wageni. Agosti 2016 alifariki jijini Nairobi akiwa na miaka 48, baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga.

Hati ya nolle prosequi haifuti kosa. Inamwachilia mshtakiwa tu, na sheria iliruhusu afunguliwe mashtaka upya juu ya tukio lilelile wakati wowote, hata baada ya kutoka Kamiti, hata chini ya katiba mpya. Miaka kumi na moja ilipita kati ya hati ile na kifo chake. Hakuwahi kushtakiwa tena kwa kifo cha Samson ole Sisina.